Saumu ya Bizari

Ramadhani ya mwaka thelathini na tatu iliangukia wakati wa kaskazi, na kaskazi ya mwaka ule haikuwa na huruma. Bagamoyo nzima ilikauka koo. Kunguru walitembea kwa miguu wasije wakalisogelea jua, na nguo ukizianika zilikauka kabla hujazikamua. Asiyeamini na aulize. Waliokuwapo wengi wao wamekwisha kufa, lakini hilo si kosa la msimulizi.

Katika joto hilo, mtu aliyesifiwa mtaani kwa kufunga vizuri alikuwa Mzee Kibwana, mshona kofia. Saa nane za mchana wenzake walikuwa wamelala barazani midomo wazi kama chaza, naye uso ulimng'aa, sauti nzito, mkono imara kwenye sindano.

"Hiyo ndiyo saumu," watu walisema. "Inampa mtu nguvu badala ya kumwondolea."

Nguvu zile zilitoka kwa hongwe.

Tusimhukumu kabla ya kumsikiliza. Mzee Kibwana alizaliwa Kaole, akalelewa kwa hongwe, akapata akili kwa hongwe. Hongwe ni samaki asiye na magamba, ana ndevu, na kwenye mapezi ana miiba yenye meno kama msumeno. Mvuvi anayevipenda vidole vyake humtupa mchangani. Lakini ukimchoma akaiva, ukamkamulia ndimu, utasahau jina la baba yako. Balaa ni kwamba Bi Mina, mkewe, tangu siku ya harusi alikataa samaki huyo kuvuka kizingiti chake. "Ana ndevu kama shemeji yangu," alisema. "Mimi nimkaange shemeji yangu?" Basi kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Kibwana aliishi bila hongwe, na hakuna aliyemwonea huruma.

Siku ya nne ya mfungo, alfajiri, alipotoka msikitini alipita pwani kunyoosha miguu, akawakuta hongwe wadogo watatu wametupwa, wabichi, wanamtazama. Alikwenda. Akarudi. Akamtia mmoja katika mfuko wa kanzu. Nia yake ilikuwa amle usiku, wallahi. Lakini usiku Bi Mina yupo, jirani wapo, futari ipo mezani. Saa pekee ambayo Mzee Kibwana alikuwa peke yake, mlango umefungwa, ni mchana, alipokuwa akishona kofia za Idd. Ndivyo mtu mzima wa miaka sitini na miwili alivyoanza, kesho yake, kula kobe, yaani kula mchana wa mfungo kwa siri.

Na alikula kwa ufundi. Ikifika adhuhuri alimwita mkewe kwa sauti ya unyonge: "Mama, niwekee makaa kwenye chetezo, nifukize udi kidogo, roho itulie." Bi Mina alileta makaa mwenyewe, kwa heshima, akafunga mlango polepole. Hapo Mzee Kibwana alimtoa hongwe chini ya nyuzi katika sanduku la kofia, akamlaza juu ya chetezo, akamnyunyizia udi mgongoni. Ndimu ilikaa kwenye kibweta cha vifungo, pilipili kwenye kisanduku cha sindano. Moshi ulipotoka dirishani, nusu yake ilikuwa ya msikitini na nusu ya sokoni, lakini watu hunusa wanachokitarajia.

"Mumeo ana uradi mrefu," alisema Bi Tabia, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye habari ilimfikia kabla haijatokea.

"Kila adhuhuri," alijibu Bi Mina kwa fahari.

Shahidi alikuwa mmoja tu: paka dume wa manjano aitwaye Bizari. Alilala ndani ya sanduku la kofia zilizokwisha, hata mjini kofia ya Mzee Kibwana ilitambulika kwa unywele mmoja wa manjano penye mshono. Mzee hakuwa na mtoto, na Bizari hakuwa na baba, kwa hiyo walielewana. Alimsemesha siku nzima, akimwuliza rangi ya uzi, na paka alijibu. Kichwa cha hongwe kilikuwa fungu la Bizari, ada ya kunyamaza.

Siku ya kumi na mbili, Bizari alikipokea kichwa chake pamoja na pezi. Mzee Kibwana alikuwa akipepea moshi kwa kofia ya kadhi. Akasikia kitu kikilia *kraa*, kisha mlio mwembamba kama wa mlango mbovu, na paka akajitupa uvunguni. "Pole pole, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Hakuna anayekunyang'anya."

Kesho yake Bi Tabia alikuwa uani akiparua changu wa futari. Akamtupia Bizari matumbo. Bizari akasogea, akanusa, akayatazama kwa huzuni kama mtu anayeagana na mpenzi, akageuka akaenda zake.

"Mina! We Mina! Njoo umwone paka wako, kakataa matumbo ya changu!"

"Kashiba huyo."

"Paka gani anashiba? Hebu mtazame. Isa bin Mariamu! Anatema mate!"

Ni kweli, mate yalikuwa yakimchuruzika kidevuni, yanadondoka mchangani. Na nani asiyejua kwamba mwenye kufunga hutema mate mchana kutwa? Nusu ya mtaa muda ule ilikuwa ikitema. Bi Mina akaweka mkono kifuani. Wakamtazama wote wawili. Bizari akainua mguu wa mbele akajipangusa mdomo, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Mara tatu," Bi Tabia akanong'ona. "Anatia udhu."

Kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika sokoni, na ilipotoka sokoni paka alikuwa amefunga tangu mwandamo wa mwezi. Maalimu Husseni wa chuoni alipoulizwa alijibu bila kuinua macho kwenye msahafu: "Mnyama hakuandikiwa saumu. Paka asiyekula ni mgonjwa, mtazameni." Neno la maana, na kwa hiyo halikusikilizwa. Bi Tabia alisema Maalimu ana wivu tu, maana paka wake mwenyewe ni mwizi.

Magharibi ilipoadhiniwa watu kumi na wanne walikuwa uani kwa Mzee Kibwana, wamemzunguka Bizari. Bi Mina akamwekea uji wa mchele kwenye kisahani. Paka akalamba mara nne, akaacha.

"Kafuturu!" wakapiga kelele. "Kaanza na kitu laini, kama ilivyo adabu. Angeanza na tende ila hana vidole."

Mzee Kibwana hapo ndipo alipopata habari kwamba ana paka mtakatifu. Alicheka. Halafu mtu mmoja akasema, "Mnyama hufuata tabia ya mwenye nyumba," na wote wakageuka wakamtazama yeye, wakamwomba aongoze dua ya futari. Kicheko kikamgeukia utamu. Aliongoza dua ndefu, sauti ikitetemeka mahali panapostahili. Shikamoo alizopokea usiku ule zilimtosha mwaka mzima.

Dhara lake alilitambua kesho yake adhuhuri, alipotaka makaa. Chumba kilijaa watu. Kina mama wameleta watoto wavivu wa kufunga: "Muone! Muone na mkia wake huyo, kafunga, na wewe mwenye jina la Kiislamu unalilia muhogo!" Hongwe wa siku ile alibaki chini ya nyuzi. Hivyo kwa ajili ya utakatifu wa paka wake, Mzee Kibwana, kwa mara ya kwanza tangu siku ya nne, alifunga kweli. Ilipofika saa tisa aliona nyota.

Siku ya kumi na tano Bizari aliingia uvunguni, kwenye pembe ya giza kabisa, asitoke.

"Yuko itikafu," akaeleza Bi Tabia, ambaye sasa alikuwa kama katibu wake.

"Itikafu si kumi la mwisho?" mtu akauliza.

"Kaanza mapema. Umri wa paka mfupi."

Siku hiyo hakulamba uji. Wakasema anaunganisha saumu, mchana na usiku. Hakulia. Wakasema amejizuia na maneno ya upuuzi, laiti wanawake fulani wangemwiga. Manyoya yakamsimama vishungi vishungi kama mkeka ulioliwa na panya, maana hakujiramba tena. Wakasema ameacha mapambo ya dunia.

Siku ya kumi na sita, baada ya swala ya alfajiri, Mzee Kibwana alifunga mlango, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa uvunguni. Alichukua uzi mwekundu akauchezesha. Uzi mwekundu ulikuwa wazimu wa Bizari. Aliwahi kuufuata mpaka ndani ya mfuko wa hakimu. Sasa aliutazama tu. Na macho yenyewe yalikuwa mabaya: ngozi nyeupe imetoka pembeni imefunika nusu ya jicho, kama pazia lililosahauliwa. Mzee akamshika ngozi ya shingo akaiinua. Alipoiachia haikurudi, ikabaki imesimama kama hema. Pumzi ya paka ikampiga usoni, imeoza. Kidevu kimelowa.

"Bizari," akaita.

Bizari akafungua mdomo kujibu kama desturi yake. Sauti haikutoka. Mdomo nao haukufunguka zaidi ya unene wa sarafu.

Hapo kichwani mwa Mzee Kibwana ikalia *kraa*.

Akakaa kitako sakafuni. Hamu yote ya dua ndefu ikamtoka. Akajaribu kumfungua mdomo kwa kijiti cha kunyooshea kofia, akang'atwa kidole gumba, naye akapiga yowe lililowaleta Bi Mina na Bi Tabia mbio.

"Kakuuma kwa sababu umemvurugia ibada," alisema Bi Tabia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tabia, paka huyu anakufa."

"Atakufa na saumu yake, Mzee Kibwana! Watu wanaililia bahati hiyo."

Bagamoyo nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua wanyama: Mwinjuma, Mzigua wa Mkange, ambaye kwa miaka kumi na saba alimbebea sanduku la dawa Bwana Mifugo mmoja wa Kizungu, Lugoba hadi Saadani. Mzungu alipokwenda kwao, maarifa yalibaki kwa Mwinjuma, pamoja na koleo moja. Lakini Mwinjuma alikuwa Mzigua na Kibwana Mzaramo. Ni watani. Siri ukimpa mtani ni sawa na kuipeleka kwa mpiga mbiu, ila mpiga mbiu hupumzika. Mzee Kibwana alizunguka uwanja mara mbili, akifikiria heshima yake, dua zake, na kofia arobaini alizokwisha kuagizwa na watu wanaotaka baraka. Mara ya tatu miguu ilimpeleka yenyewe.

"Hodi."

"Nani huyo anayepiga hodi kwa sauti ya mwenye njaa?" Mwinjuma alikuwa mlangoni akichonga mpini. "Kumbe Mzaramo wangu! Karibu. Nasikia kwenu mpaka paka wamesilimu. Mmebaki nyinyi tu."

"Mwinjuma, leo sina utani."

"Mzaramo bila utani ni nazi bila maji. Una nini?"

"Bizari haumwi... yaani anaumwa. Hali siku ya nne."

"Si kafunga?"

"Hajafunga."

Mwinjuma akaacha kuchonga. "Anasogelea chakula kisha anakiacha?"

"Ndiyo."

"Udenda?"

"Unachuruzika."

"Anajipangusa mdomo kwa mguu, upande mmoja zaidi ya mwingine?"

"Wa kulia. Wanasema ni udhu."

"Udhu!" Mwinjuma alisimama. "Na kujificha je, ndiyo eda? Sikiliza, bwana wee. Ng'ombe akiumwa anakwambia kwa pua, mbuzi kwa masikio, kuku kwa mkia. Paka hakwambii. Paka ni mtu wa fahari. Akiumwa hujitenga ili asije akaonekana na adui. Asiyetaka chakula anaumwa tumbo au homa. Anayetaka chakula akashindwa, huyo anaumwa mdomo. Nyinyi siku nne mnamwombea dua mtu aliyekwamwa na mwiba!"

Akatwaa koleo lake wakaenda, mbio mbio, wazee wawili katika jua la kukaanga kisamvu.

Uani walikuta watu zaidi ya ishirini, maana ilikuwa saa ya watoto wavivu. Mwinjuma hakumwamkia mtu. Aliomba kanga ya Bi Mina, akamvuta Bizari uvunguni, akamviringa kama mtoto wa arobaini, kichwa tu nje. Paka akatoa sauti ya kutu. Watu wakaguna.

"Mwache amalize itikafu yake!" alifoka Bi Tabia.

"Wewe ni nani wake, imamu?" Mwinjuma akamkabidhi Mzee Kibwana furushi, akambana paka taya, akachungulia. "Nauona. Umelala katikati ya kaakaa, huku na huku umeshika magego. Nyama imevimba imeufunika, naona ncha tu. Sasa, Kibwana, nisikilize. Mwiba wa samaki gani?"

Mzee Kibwana akatazama watu. Watu walimtazama yeye.

"Changu," akasema.

"Una hakika? Wa changu ni laini, nashika navuta, kwisha."

"Changu, changu."

Mwinjuma akaingiza koleo. Bizari akatoa mlio ambao Mzee Kibwana hakuwahi kuusikia kwa kiumbe chochote, mwembamba, wa kitoto, na jicho lenye pazia likamwangalia yeye, si mwenye koleo. Damu kidogo ikatoka.

"Usivute!" Mzee Kibwana akapiga kelele. "Usivute, Mwinjuma! Ni hongwe!"

Uani pakawa kimya hata ungesikia kuku akifikiri.

"Hongwe," Bi Mina akasema taratibu. "Kwangu mimi?"

"Alhamdulillahi umesema," Mwinjuma akafuta jasho. "Mwiba wa hongwe una meno. Ningevuta ningemchana kaakaa lote. Huo husukumwa upande wa pili kwanza."

"Nilimletea Bizari," Mzee Kibwana akajieleza upesi kwa mkewe. "Nilimwokotea pwani, maskini, kitoweo chake."

"Hapana ubaya, mtu kumlisha paka wake," alisema Mwinjuma. "Sasa, mbichi au wa kuchoma?"

"Unauliza ya nini?"

"Mbichi unapinda, nausukuma. Wa kuchoma huvunjika kama gilasi. Nikiusukuma kipande kinakwenda kooni, na hapo tutachimba shimo. Huo lazima niukate katikati. Sema moja."

Kama wangekuwa wawili tu angejibu kwa kukonyeza. Mzee Kibwana alihisi moyo wa Bizari ukipiga ndani ya kanga, haraka haraka, kama cherehani.

"Wa kuchoma," akasema.

"Nani kamchomea paka samaki?" Bi Mina aliuliza. "Wapi? Jikoni kwangu ninashinda mimi."

"Bibi, hilo si la matibabu," alisema Mwinjuma, naye koleo tayari liko mdomoni mwa paka.

"La kwangu ni la matibabu."

"Ngojeni kwanza. Kibwana, lini? Kama kidonda cha jana nabonyeza hapa, kama cha siku nyingi usaha uko kule."

Mzee Kibwana alifumba macho. "Siku ya kumi na mbili."

"Usiku?"

"Adhuhuri."

*Tap!* Koleo likakata. Mwinjuma akazungusha mkono, akatoa kipande kimoja, akatoa cha pili, na Bizari, mdomo ulipopata uhuru, jambo la kwanza akamng'ata Mwinjuma kiganja mpaka kwenye mfupa. Mwinjuma hakukasirika. Alinyanyua vipande juani, akavileta puani, akavisikiliza kwa pua muda mrefu kama mnunuzi wa karafuu.

"Nyama ya hongwe," akasema. "Pilipili kidogo. Ndimu. Na..." akanusa tena, macho yakamtoka. "Lahaula! Udi!"

Macho ya watu ishirini yaliondoka kwenye mwiba, yakaenda kwenye dirisha la chumba cha kushonea, yakatua juu ya chetezo kilichokaa hapo, yakarudi polepole hadi kwa Mzee Kibwana. Hata watoto wavivu walielewa, na walielewa kabla ya wakubwa.

"Makaa," alisema Bi Mina. "Makaa nilikuwa nakuletea mwenyewe."

"Mama..."

"Na mlango nikifunga polepole."

"Shetani, mama..."

"Shetani kafungwa, ni Ramadhani! Siku ngapi?"

"Moja."

Mwinjuma akagonganisha koleo, *tap, tap*.

"Tisa," akasema Mzee Kibwana, akaketi chini, Bizari mapajani.

Bi Mina alimtazama sana. "Mungu mtapatana naye," akasema mwisho. "Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini hongwe katika chumba changu, mimi sijui nitaisamehe lini." Akachukua chetezo akakishika mbali na mwili, kama anayebeba nyoka, akaingia ndani.

Desturi ya mtaa ule, mla kobe akishikwa, vijana humfuata na mikebe wakimzomea mpaka pwani na kurudi. Bi Tabia, ambaye kwa siku nne alikuwa katibu wa paka, alipata ghafla mkebe mkononi. Hakuna ajuaye aliutoa wapi. Akaugonga mara moja. Watoto wakaruka kwa furaha.

"Simama hapo!" Mwinjuma akanyoosha kiganja chenye damu. "Huyu Mzaramo ni wa nani? Ni wangu. Babu yangu alimtania babu yake. Kumzomea ni haki yangu mimi. Nyinyi mkitaka wa kuzomea, tafuteni watani wenu."

"Lakini mtaa mzima..." Bi Tabia akaanza.

"Mtaa mzima uliambiwa na Maalimu paka ni mgonjwa, ukampa katibu. Nianze na nani?"

Mkebe ukashuka. Watu wakakumbuka kwamba jua limekwenda na futari haijapikwa, wakaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita alimwinamia Bizari, si Mzee Kibwana. Usiku huo Bizari alilamba uji kisahani kizima, akaomba kingine. Siku ya tatu alijiramba mkia. Siku ya tano aliiba changu wa Bi Tabia, na Mzee Kibwana aliposikia matusi yakivuka ukuta alimshukuru Mungu kwa machozi.

Mwinjuma naye hakuiacha haki yake ioze. Idd ilipokwisha na Mzee Kibwana kuanza kulipa siku zake tisa, kila adhuhuri mtani alifika na hongwe wawili waliochomwa, ndimu juu, akaketi barazani magoti yakigusana na ya mfungaji. Mmoja alikula yeye. Wa pili alimchambua mwiba mmoja mmoja, akaupanga kila mwiba juu ya goti la Mzee Kibwana auhesabu, ndipo akampa Bizari. Bi Mina alipiga marufuku samaki yule kuvuka kizingiti, lakini baraza iko nje ya kizingiti, na mara mbili tatu alionekana akichungulia mlangoni mkono mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Tafuna taratibu, Bizari," alisema Mwinjuma. "Mwache mwenzio asikie vizuri."

Siku sita za mwanzo wapita njia hawakujua. Walidhani Mzee Kibwana anafunga sita za sunna, wakampa heko, naye aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Ya saba wakasita. Ya nane mtu mmoja wa Kaole aliyefuata kofia yake alisimama barazani, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Mzee Kibwana, sita si zimekwisha jana juzi? Hizi za leo ni sunna gani tena? Nifundishe na mimi."

Mwinjuma alifungua mdomo, lakini ulikuwa umejaa. Akamwashiria Mzee Kibwana kwa mkia wa hongwe: sema wewe.

"Si sunna, mwanangu," akasema Mzee Kibwana. "Nalipa. Nilikula mchana."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Mimi mzima. Mgonjwa alikuwa huyu." Akamgusa Bizari masikioni.

Yule mtu akamtazama paka aliyenona, akamtazama mzee aliyekonda, akamtazama Mzigua anayelamba vidole. Akaona ni heri achukue kofia yake aende. Alifika pembe ya njia akarudi.

"Samahani, mzee wangu. Alikuwa mtamu?"

Mzee Kibwana akageuza shingo kuelekea mlangoni, akahakikisha hakuna mtu.

"Mno," akasema.